Kustaafu Huhesabiwa kwa Miezi

(Hotuba kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha watumishi wa umma, Morogoro)

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije niseme juu ya maandalizi ya kustaafu. Nikamjibu sawa, ila sitakuja na maneno ya semina. Jiandae kisaikolojia, buni mradi, ishi kwa malengo: hayo mmeshaambiwa, tena mkalipwa posho ya kuyasikiliza. Mimi nilikuwa mhasibu wa halmashauri mpaka muda wangu ulipofika, na mhasibu hata akizeeka hapendi hadithi isiyo na tarakimu. Kwa hiyo leo tupige hesabu. Toeni simu, fungueni kikokotoo. Nikisema kikokotoo nina maana kile cha kwenye simu, si ile kanuni ya mafao iliyopewa jina hilo, msininunie. (Kicheko.)

Tumchukue mwalimu wa kufikirika, maana nikimtaja wa kweli mtamtambua. Ametumikia miaka 30, yaani michango ya miezi 360. Mshahara wake wa msingi, kwa wastani wa ile miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, ni 1,500,000 kwa mwezi, sawa na milioni 18 kwa mwaka. Kanuni ya sasa ya PSSSF, mfuko wetu wa pensheni watumishi wa umma, ni hii: chukua 360, gawanya kwa 580, zidisha kwa milioni 18. Mnapata 11,172,414. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Sehemu ya pensheni hiyo hulipwa kwa mkupuo, yaani fedha za mara moja unapostaafu. Mwalimu wetu ni wa lile kundi lililokuwa likilipwa nusu kwa mkupuo, kwa hiyo tangu bajeti ya 2024 anachukua asilimia 40. Asilimia hiyo 40 inazidishwa kwa 12.5, naye anaondoka na 55,862,069. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa 12, anapata 558,621 kila mwezi mpaka siku atakayofariki.

Andikeni namba zote mbili: milioni 55 na ushee, na laki tano na nusu na ushee.

Sasa mniambie, mkiwa chai pale ofisini, inayozungumzwa ni ipi? Naona mnacheka. Mtumishi anaanza kuipangia ile kubwa tangu ana miaka 54. Kiwanja hiki, gari lile, harusi ya binti, kaburi la mzee lijengewe. Mwulize pensheni yake ya mwezi itakuwa shilingi ngapi, hajui. Na itakayomlisha kwa miaka 20 ni hiyo asiyoijua.

Nawaelewa, kwa sababu ugomvi wote tulioushuhudia ulikuwa wa namba kubwa. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya zamani, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF, na kanuni mpya zikaja na mkupuo wa asilimia 25. Wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Kelele tena. Mwaka 2024 ikapandishwa: 40 kwa waliokuwa wa 50, na 35 kwa waliokuwa wa 25. Na waliokasirika walikuwa na haki. Mwalimu wetu huyuhuyu, kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, ya kugawanya kwa 540, kuzidisha kwa 15.5 na kuchukua nusu, angeondoka na milioni 93. Huwezi kumwambia mtu mzima kwamba milioni 37 zimepungua halafu ukamwomba atulie. Ila katika kelele zile zote sikumsikia mtu akitaja upande wa pili wa karatasi: kwamba pensheni yake ya mwezi ingekuwa 500,000 kamili, chini ya hii ya leo kwa 58,000.

Tuendelee kidogo, hapa ndipo penye utamu. Linganisheni 33 na 40. Kwa asilimia 33 mwalimu alikuwa achukue mkupuo wa 46,086,207 na pensheni ya 623,793 kwa mwezi. Kwa 40 amepata 9,775,862 zaidi mkononi, na amepungukiwa 65,172 kila mwezi. Gawanyeni ya kwanza kwa ya pili. Nani amepata? Eeh, 150. Miezi 150 ni miaka 12 na nusu, ndiyo ile 12.5 iliyomo kwenye kanuni. Maana yake Mfuko unainunua sehemu ya pensheni yako kwa bei ya miaka 12 na nusu. Ukistaafu na 60 ukafariki kabla ya 72 na nusu, umepata faida. Ukiivuka, kila mwezi unaoishi umeuuza rahisi. Sisemi ilikuwa vibaya kuongeza. Nasema nyongeza ile haikuwa zawadi ya mtu, ilikuwa pensheni yako mwenyewe iliyolipwa mapema.

Najua kuna anayesema moyoni, "Wastani wa kuishi ni miaka sitini na kitu, hiyo 72 nitaifikia wapi?" Ndugu yangu, wastani huo umewahesabu na watoto wachanga waliofariki. Wewe uliyefika 60 umeshavipita vifo vya utotoni, ajali za ujana na uzazi. Anayefika 60 ana miaka mingi mbele yake kuliko huo wastani unavyoonyesha, na akina mama zaidi. Pangeni kwa 85. Ukifa mapema, watakaobaki hawatalalamika kwamba umeacha akiba.

Sasa turudi kwenye mwezi. Mshahara wa 1,500,000, ukiondoa kodi, asilimia tano ya Mfuko, asilimia tatu ya bima ya afya na ada ya chama cha wafanyakazi, mkononi unabaki kama milioni moja na laki moja, kama huna mkopo. Pensheni ni 558,621. Kwa maneno mengine, kipato kinakatika nusu ndani ya mwezi mmoja, na bei ya unga haikuulizi umestaafu lini. Lakini hapo bado sijaigusa posho.

Posho ndiyo jambo lililonileta leo, mengine yote ni kiambatanisho. Sisi tunaoitwa watu wa kipato cha kati hatuishi kwa mshahara. Mshahara unalipa umeme, chakula na makato. Ada ya shule ya mtoto inatoka kwenye safari ya kikazi. Bati limetoka kwenye kusimamia mitihani. Sensa ya 2022 iliezeka nyumba ngapi hapa Kihonda na Mkundi? (Kicheko.) Uchaguzi ukija, watu wanapiga plasta. Hakuna ubaya, ni jasho lenu. Shida ni kwamba mchango wa PSSSF unakatwa kwenye mshahara wa msingi, asilimia tano yako na kumi na tano ya mwajiri. Posho haimo. Siku unayokabidhi ofisi, posho inazikwa palepale bila matanga. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitumia milioni mbili kwa mwezi bila kujua, maana hakuwahi kuzijumlisha, anaangukia laki tano na nusu. Hapo kipato kimekatika karibu robo tatu. Halafu majirani wanasema mstaafu fulani amerogwa.

Ninachowaomba, hasa mliofika 50, ni kuitenga posho na maisha ya kila mwezi kuanzia sasa. Isilipe ada, isilipe mboga. Iende mahali ambapo huioni kila siku, iwe ni akiba zenu za chama hiki au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kampuni ya Serikali, kama Umoja, iliyoanza mwaka 2005, au Ukwasi, ambayo mtu anaweza kuweka kidogokidogo kwa simu. Kisha jaribuni kuishi miezi mitatu kwa kile kiasi cha pensheni mtakachopata. Mtajua mapema ni kitu gani hakitawezekana, mkiwa bado mna nguvu ya kukirekebisha. Mtoto aliye shule ya kulipia ambaye atamaliza wewe una miaka 66, jambo lake linatakiwa lizungumzwe leo nyumbani, si siku ya kuagwa.

Mikopo sasa. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato. Wengi wetu tumeigeuza theluthi ile kuwa makazi ya kudumu. Mkopo wa benki ukikaribia kuisha unaongezewa mwingine juu yake, na tarehe ya mwisho ya marejesho inapangwa sawasawa na tarehe ya kustaafu. Ikishindikana huko, kuna wale wakopeshaji wa mtaani wa kausha damu, wanaobaki na kadi yako ya benki na namba ya siri. Mkupuo unaingia, hawa wanajitwalia, wewe unapata ujumbe wa salio. Na ninyi viongozi wa chama, mtanisamehe kwa kuwa mmenialika wenyewe: mwanachama wa miaka 58 akija kuomba mkopo wa gari la kutembelea, mnaona dhamana ni mafao, mnasaini. Dhamana ipo kweli, ila ni chakula cha mtu. Mikopo yote iishe ukiwa na 57. Miaka mitatu ya mwisho mshahara uje mzima, hata kama ni kwa ajili ya kukumbuka unavyofanana.

Twende kwenye mkupuo. Milioni 55 zimeingia Jumanne. Ijumaa mpwa wako anakuja na wazo.

Kuna wazo la gari la abiria. Noah, Hiace, au bajaji tatu. Karatasini dereva analeta hesabu kila jioni, mara siku 30, mara miezi 12, umetajirika. Karatasi haina gia boksi, haina trafiki, haina dereva anayesema "leo siku mbaya, mzee". Biashara ya magari inawalipa wanaokaa nayo stendi tangu alfajiri. Wewe maisha yako yote ulikuwa darasani au masijala.

Kuna kilimo cha WhatsApp. Ekari moja ya matikiti, mashimo kadhaa, kila shimo matunda mawili, kila tunda elfu mbili. Nani hajawahi kutumiwa ile hesabu? Haina panya, haina ukungu wa majani, haina wiki ambayo Kilosa nzima imevuna pamoja na bei ikaanguka. Mnawakumbuka kware? Mayai yao yalitibu kila ugonjwa, na waliofaidika ni waliouza vifaranga kwa wafugaji wapya. Anayetaka kulima baada ya kustaafu, alime akiwa kazini, misimu mitatu au minne, kwa hela ndogo, afahamiane na wadudu na madalali wa mazao. Akishapata hasara mbili na bado analipenda shamba, huyo ni mkulima.

Na kuna wale wanaoahidi kuzalisha fedha upesi. DECI ilipokuja, watu walipanda mbegu wakaambiwa watavuna mara mbili. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 walikuwamo watu wenye elimu nzuri tu. Jina hubadilika, sasa wako kwenye simu, lakini kazi ni ileile: fedha ya anayeingia leo ndiyo faida ya aliyeingia jana. Wanawapenda wastaafu kwa sababu mstaafu ni mtu mwenye fedha taslimu asiye na uzoefu wa kuishika.

Nyumba sina ugomvi nayo, ila nataka tutofautishe. Nyumba ya kuishi iishe kabla ya 60, hata vyumba viwili, kwa sababu kodi ya nyumba haiwezi kutoka kwenye laki tano na nusu ukabaki na maisha. Nyumba ya pili, ya kupangisha, pigeni hesabu kwanza. Ukizamisha milioni 50 ukampata mpangaji wa laki mbili kwa mwezi, na akae mwaka mzima bila kuhama, umepata milioni mbili na laki nne, chini ya asilimia tano, kabla ya rangi, choo kilichojaa na kodi ya jengo. Na kiwanja kiwe kimepimwa, chenye hati. Umri huo si wa kushinda baraza la ardhi.

Basi milioni 55 ziende wapi? Sitawaamulia, sina duka. Nitawaonyesha tu tarakimu moja iliyonifurahisha mwenyewe nilipoikuta. Chukueni 55,862,069. Zidisheni kwa asilimia 12. Gawanyeni kwa miezi 12. Mnaona nini?

(Sauti kutoka ukumbini: "Laki tano hamsini na nane!")

558,621. Ndiyo pensheni yenyewe, hadi shilingi ya mwisho. Si uchawi, ni jinsi asilimia 40 na ile 12.5 zinavyokutana. Ina maana mstaafu wa kundi hili akiweza kuuweka mkupuo wote mahali salama panapotoa asilimia 12 kwa mwaka, kila mwezi anakuwa na pensheni mbili zinazolingana. Hatafika kwenye maisha ya posho, lakini atarudi palepale alipokuwa akipokea mshahara mkononi: milioni moja na laki moja.

Mahali hapo si ndoto. Hatifungani za Serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada, zimekuwa zikitoa kiasi hicho na zaidi. Za miaka 25 zilipoanza 2021 riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 za muda huohuo zikashushwa hadi 12.56. Hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza ya mnada wa siku hiyo, lakini ukishanunua, riba yako haibadiliki mpaka mwisho. Unaanza na milioni moja, unafungua akaunti ya hatifungani kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na riba inaingia benki kila baada ya miezi sita. Lazima ujigawie mwenyewe hiyo ya miezi sita, na kwa wengine huo ndio mtihani mkubwa. Ukipata dharura unaweza kuiuza sokoni kabla ya muda, ila bei siku hiyo inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia. Na mfumuko wa bei utaila polepole: laki tano ya leo haitakuwa laki tano ukiwa na 80. Kwa hiyo usitumie riba yote miaka ya mwanzo. Rudisha sehemu ndani. Wala usiweke zote. Bakiza za matibabu na za paa kuvuja.

Makaratasi nitayapitia haraka, maana Afisa Utumishi yupo hapa na anajua kuliko mimi. Barua ya kuajiriwa mara ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, za uhamisho, kitambulisho cha NIDA. Inayopotea mara nyingi ni ya kuthibitishwa, kwa sababu wakati ule ulikuwa kijana na iliwekwa chini ya godoro huko wilaya ya kwanza. Itafute ukiwa na 50. Jina lako liwe moja kila mahali. Kama uliajiriwa kwa jina la baba na NIDA ina la mume, nenda ukaape sasa. Tazama taarifa ya michango yako walau mara moja kwa mwaka uone kama ina mashimo. Wenye wenza walioko sekta binafsi, waambieni nao waangalie NSSF, mfuko wa sekta hiyo, kama makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara yanafika kweli. Na orodha ya wategemezi mliyojaza mwaka ule, isomeni tena. Wengine mmewaacha nje watoto watatu. Wengine bado mmemwandika mchumba wa zamani. (Kicheko kirefu.)

Hilo linanipeleka nyumbani. Mstaafu anayemficha mwenzake kiasi cha mafao anadhani anajilinda. Akina baba, ninatusema sisi. Ukificha, kila mtu nyumbani anakisia, na makisio ya watoto hayapungui milioni mia mbili. Ndipo anakuja mmoja kuomba mtaji, mwingine nauli ya kwenda kusoma nje, na kamati ya harusi ya ukoo inakupa uenyekiti. Waiteni wake zenu, waume zenu, watoto wakubwa, wawekeeni karatasi mezani: mkupuo ni huu, pensheni ya mwezi ni hii, na hiyo ya mwezi ndiyo tutakayokula. Hutapungukiwa heshima. Hao wanaosema watoto ndio pensheni yao, watoto nao wana makato yao, wana kodi ya nyumba Mbagala na ada za wajukuu wenu. Wakituma, asanteni. Msiwaweke kwenye bajeti.

Mwenyekiti ananionyesha saa, lakini kuna dada pale nyuma amenyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu mama.

(Swali: kama mtu amechoka, aondoke kwa hiari na miaka 55?)

Swali zuri, na jibu liko kwenye simu yako. Mwalimu yuleyule, mshahara uleule, anaondoka na 55 badala ya 60. Ana miezi 300, si 360. Gawanya kwa 580, zidisha kwa milioni 18: 9,310,345. Mkupuo unakuwa 46,551,724 na pensheni 465,517 kwa mwezi. Amepoteza milioni tisa na laki tatu mara moja, na 93,000 kila mwezi maisha yake yote. Ongeza miaka mitano ya mishahara asiyoipokea, na kumbuka kwamba miaka ile ya mwisho ndiyo mara nyingi yenye mshahara mkubwa, unaopandisha ule wastani wa miaka mitatu. Kwa upande mwingine anaanza kulipwa pensheni miaka mitano mapema, na afya ya 55 si ya 60. Kama una shughuli inayoingiza laki tano na kitu kwa mwezi sasa hivi, si kwenye karatasi, nitakuelewa ukiondoka. Kama huna, chukua likizo yako yote mwaka huu, ulale, kisha Jumatatu urudi kazini. Na mama, kiwango chako wewe ni 40 au 35? Ulikuwa mfuko gani kabla ya 2018? PPF? Basi njoo hapa mbele baada ya chakula tuipige upya, hizo zangu si zako.